Mtoto yuko la tatu anafaulu ila haelewi, nataka nimfundishie nyumbani. Waliowahi naombeni uzoefu

MamaDula_Mbezi

Habari za jioni wanajamvi, mnivumilie ni ndefu kidogo.

Nina watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka tisa yuko la tatu shule moja ya mchepuo wa Kiingereza huku huku Mbezi, wa pili wa kike ana mitano. Huyu mkubwa ripoti zake hazina shida, B B B, A moja ya sayansi, mwalimu anamsifia ana nidhamu, basi sisi tunakazana na ada kwa awamu roho juu tukijua pesa inafanya kazi. Sasa mwezi uliopita umeme umekatika, TV hakuna, nikamwambia lete daftari la hesabu tukae hapa barazani na taa ya simu. Nikampa 653 toa 278, akapata vizuri tu. Nikampa 402 toa 187 akaandika 385. Nikajua kapitiwa, nikampa 300 toa 146 akaandika 246. Namuuliza baba umefanyaje hapa, ananiambia "mama sifuri haina kitu cha kukopa kwahiyo unageuza, ndogo inatoka kwenye kubwa". Yaani ana sheria yake kabisa kichwani na anaiamini!! Nikafungua daftari nyuma nikakuta yale yenye sifuri kapigwa mkasi yote, yasiyo na sifuri kapata, jumla 7 kwa 10, hongera, wamehamia kuzidisha.

Kusoma ndo usiseme. Kiingereza anasoma kama mtangazaji wa habari, nikimuuliza huyo mkulima alimfanya nini mbuzi ananiangalia tu. Kiswahili anachoongea kutwa nzima hapa nyumbani nikampa gazeti akakutana na neno ng'ambo akasoma "nagambo". Nilicheka halafu nikaenda chumbani nikalia kidogo.

Nimesomasoma mtandaoni nikakuta huu mtindo wa mtoto haendi mbele mpaka amemudu alichonacho, na kuna familia zinafundisha watoto nyumbani hivyo hivyo na watoto wanapenda vitabu kupitiliza. Mimi nashona, cherehani iko sebuleni, kutwa nipo. Mzee yuko barabarani na lori, akirudi ni siku mbili tatu. Nafikiria Januari nimtoe nimfundishe mwenyewe. Kuna aliyewahi? Unajuaje kwamba amemudu kweli na sio amekariri? Na hili la kupenda kusoma linafanyikaje maana wangu akiona kitabu anakumbuka ana haja ndogo.

Nawasilisha.

Kijiti_Kikavu

Dada pole ila usikurupuke. Haya mambo ya kufundishia watoto ndani tunayaona kwa wazungu tunadhani ni bei rahisi. Kwanza sheria ya elimu ya 1978 inamtaka mzazi amuandikishe mtoto shule ya msingi na mahudhurio ni lazima, akija mtendaji wa kata kukuuliza mbona mtoto haendi shule utamwonyesha cherehani? Pili mtihani wa darasa la nne mwakani atafanyia wapi, na wa kumaliza msingi je? Kule sekondari kuna watahiniwa wa kujitegemea na mtihani wa QT (ule wa kupima kama unafaa kufanya wa kidato cha nne), huku msingi hiyo njia wewe umeiona wapi? Tatu mtoto wa kiume anahitaji wenzie wa kupigana nao ngumi mchangani, sio kukaa na mama yake na vitambaa.

Mi naona hama shule tu basi.

Mwl_wa_Chaki

Kijiti umeongea kwa ukali ila la mitihani na sheria ni la kweli, dada alichukue. Ila la kuhama shule silioni, maana atakuta darasa lingine linalokimbia hivyo hivyo.

Mimi nimefundisha shule ya msingi ya serikali miaka 26, nina mwaka na nusu nje ya darasa. Kuna kipindi baada ya elimu bila malipo kuanza 2016 nilikuwa na watoto 112 chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni wamenipa mgongo maana hakuna pa kugeukia. Ratiba inasema wiki hii kutoa, wiki ijayo kuzidisha, mkaguzi akija anaangalia andalio la somo limefika wapi, haangalii huyo wa mwisho kule dirishani kaelewa nini. Kwahiyo mtoto anabeba 7 kwa 10 yake na zile tatu alizokosa anaondoka nazo zinamsubiri kwenye kugawanya huko mbele.

Huo mtindo unaousema una mwenyewe. Benjamin Bloom, profesa wa Chicago, aliuandika mwaka 1968. Hoja yake ni kwamba shule imeshikilia muda na kuachia uelewa, wote wiki moja, atakayeelewa na aelewe. Yeye akasema geuza, shikilia uelewa, muda ndo ulegee. Unakata somo vipande vidogo vya wiki moja au mbili, mwisho wa kipande kuna jaribio dogo ambalo sio la kumpa mtoto maksi, ni la kukuonyesha wewe kashikwa wapi. Aliyefika kiwango, wengi wanaweka kati ya asilimia 80 na 90, anasonga. Ambaye hajafika anarekebishwa halafu anajaribiwa tena kwa maswali mengine. Na 1984 akaandika kwamba mtoto wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu kwa mtindo huo aliwazidi asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa kawaida. Waliopima baadaye hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho, usije ukaichukua kama msahafu, ila kwamba mtoto mmoja na mtu mmoja mwenye subira ni kitu kikubwa hilo hakuna mwalimu atakayebisha.

Sasa sikiliza hapa ndo wazazi wengi wanapoteleza. Kurekebisha SIO kurudia kilekile kwa sauti kubwa zaidi. Kama ulimwonyesha ubaoni hakuelewa, ukimwonyesha ubaoni mara tano zaidi unamfundisha kwamba yeye ni mjinga. Badilisha njia, mpe njiti, mpe visoda, mwambie yeye akufundishe wewe. Na ile 385 ya mwanao wala sio uzembe. Hajui kwamba ile 4 ya mamia imebeba makumi ndani yake, kwake 4 ni 4 tu, sifuri ni sifuri tu. Shimo liko kwenye mamoja makumi mamia, la kwanza hilo na la pili, sio la tatu. Rudi hapo.

Umeuliza unajuaje kamudu. Mimi nilikuwa naangalia vitatu. Anapata bila kukuangalia usoni kwanza. Anaweza kumweleza mdogo wake kwa maneno yake. Na ukimuuliza tena baada ya siku kumi bila kumwambia unamuuliza, bado kipo. Hicho cha siku kumi ndo kinawaumbua wengi.

Mangi_Gengeni

Mi sijasoma sana ila hilo swali la 402 nimelisoma nikacheka maana kila siku nalifanya dukani

Dada chukua noti. Mpe mtoto elfu kumi nne na sarafu za mia mbili, yaani mia moja moja ziwe mbili, hapo ana 40,200. Noti za elfu asiwe nazo hata moja, hiyo ndo sifuri yake. Mwambie nunua kitu cha 18,700 na mimi muuzaji sina chenji. Atakaa pale anakodoa. Anatakiwa atoe mia saba ana mia mbili, elfu hana, afanyeje? Atakuja mwenyewe aseme mama nivunjie elfu kumi. Mvunjie apewe elfu elfu kumi. Bado mia hazitoshi, avunje elfu moja apate mia kumi, sasa ana mia kumi na mbili. Hesabu mkononi: elfu kumi zimebaki tatu, elfu zimebaki TISA, mia kumi na mbili. Alipe sasa. Anabaki na 21,500. Futa sifuri mbili za nyuma unapata 215 ndo jibu la swali lako.

Ile tisa ndo hata mimi shule ilinishinda, mwalimu alisema sifuri inakuwa tisa nikawa najiuliza imekuwaje tisa imetoka wapi, nimekuja kuijua kwenye droo ya hela nikiwa na miaka 19

Mwl_wa_Chaki

Mangi wewe ulitakiwa uwe chuo cha ualimu. Nimeishika hiyo.

BintiTanga_Houston

Shikamoo Mwalimu, na dada MamaDula pole sana, hiyo ya kulia chumbani naijua.

Mi niko Texas mwaka wa saba sasa, nafundishia nyumbani watoto watatu. Huku kwetu ni rahisi kisheria, jimbo hili nyumba inayofundisha inahesabika kama shule binafsi, mahakama ya juu ya jimbo iliamua hivyo 1994, unaandika barua ya kumtoa mtoto shule ya umma, unafundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi, hakuna anayekuja kukagua. Kwahiyo usijilinganishe na sisi kwenye hilo, huko kwenu msikilize Kijiti.

Ila nataka nikwambie kosa langu mimi kwasababu nakuona unaliendea lilelile. Umeuliza kumudu na kupenda kusoma kwa pumzi moja kama kitu kimoja. Mi nilivichanganya. Kwenye hesabu mambo yalikwenda vizuri mno, haendi mbele mpaka apate tisa kwa kumi, mtoto anafurahi anaona anapanda. Nikasema aah kumbe ni rahisi, nikaweka na kwenye vitabu vya hadithi. Ukimaliza kitabu maswali kumi, ukipata chini ya tisa unakirudia. Nikatengeneza na chati nikabandika kwenye friji. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minane, mtoto aliyekuwa anasoma hadi chooni. Miezi miwili nikaanza kuona tukienda maktaba anapita kwenye shelfu anabana vitabu kwa vidole viwili hivi anapima unene. Anachukua vyembamba. Nikamuuliza mbona unachukua vya watoto wadogo, akanijibu bila hasira wala nini, "vina vitu vichache vya kuulizwa".

Nilitoa ile chati siku hiyohiyo. Ilichukua karibu mwaka mzima kumrudisha na sijui kama alirudi wote.

Sasa hivi kwangu ni hivi, KUJUA kusoma kunapimwa, herufi, silabi, neno, sentensi, kipande kifupi ameelewa nini, hiyo ni kazi ya asubuhi na ina kiwango kama hesabu. KUSOMA kwenyewe hakupimwi na mtu. Anachagua, anaacha katikati akichoka, anarudia kilekile mara kumi na nne, anasoma katuni, shauri yake. Jioni mimi nawasomea kwa sauti hata huyu mkubwa ana miaka kumi na mitatu anakuja anajifanya anatafuta chaja halafu anakaa. Na mama yangu yuko Tanga anawatumia hadithi kwa sauti kwenye simu, anaanza "Paukwa!" wanangu wote watatu wanapiga kelele "Pakawa!" kana kwamba anawasikia.

MamaDula_Mbezi

@BintiTanga_Houston umenigusa, mimi tayari nilishachora chati jana 🤦🏾‍♀️ ina nyota.

Lakini huku vitabu vya kuchagua viko wapi dada? Nyumbani tuna vitabu vya shule, Kurani, na katalogi ya vitambaa. Kitabu kimoja cha hadithi cha rangi dukani ni bei ya kilo kadhaa za mchele, na mtoto anakimaliza dakika kumi.

WambuiNaks

Habari jirani wa TZ. Niko Nakuru, nimefunza wangu wawili nyumbani miaka minne kisha nikawarudisha shule, kwa hivyo nina maoni ya pande zote mbili na hakuna atakayenipenda.

Huku wengi wetu tulianza na ile mitaala ya Kikristo ya ACE kutoka Marekani. Ni vijitabu vidogo, kila somo vijitabu kumi na viwili kwa mwaka, mtoto anasoma mwenyewe anajaza, anajisahihisha na ufunguo, mwisho ana mtihani na lazima apate asilimia 80 ndio asonge. Hiyo ni kumudu kabisa kwenye karatasi. Shida niliyoona, kijana wangu alijua kutafuta neno lililokosekana kwenye sentensi hata bila kusoma ukurasa. Anaangalia pengo, anarudi juu kuwinda sentensi kama hiyo, ananakili. Asilimia 94! Nikamfungia kitabu nikamuuliza mvua hutoka wapi, akasema hiyo iko kijitabu cha juzi ameshamaliza. Kwa hivyo yale ya Mwalimu ya siku kumi, tafadhali yaandike ukutani badala ya zile nyota.

Sheria huku pia si rahisi, ile ya elimu ya msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kupeleka mtoto shule na wenzetu wengine wamefika hadi kortini.

Kuhusu vitabu, African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili bure kwenye mtandao, zina picha, zimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja kwa ukurasa hadi aya nzima. Unaruhusiwa kuchapisha. Mimi nilikuwa napakua kwa simu, nachapisha kwa kijana wa sayba (duka la intaneti), nyeusi na nyeupe, nakunja katikati nashona na uzi. Wewe una cherehani! Watoto wapake rangi wenyewe. Changu cha kwanza kilisomwa hadi kikatoka nywele.

Kijiti_Kikavu

Hapo kwenye kushona vitabu mmenimaliza, hilo zuri. Mi hoja yangu ilikuwa usimtoe shule. Hamna aliyesema asimfundishe.

Mwl_wa_Chaki

Kijiti leo umekuja na busara. Na mimi ndo ningeshauri hivyo, dada. Usimtoe Januari. Mtoto anarudi shule saa kumi, mwache acheze, ale, halafu dakika 30 tu za kwako, siku nne kwa wiki. Kwenye hizo dakika wewe huna ratiba ya mtu, huna mkaguzi, kutoa kwa kukopa ikichukua wiki tatu na ichukue wiki tatu. Homuweki ya shule iwe kando, isile hizo dakika. Nimeona watoto wakifukuliwa mashimo ya miaka miwili kwa muhula mmoja kwa njia hiyo maana mashimo yenyewe huwa hayazidi manne matano, yamekaa tu mahali pabaya. Likizo ya Juni ukiona bado unataka kumtoa tutaongea na ya sheria vizuri.

Na kusoma, anza na Kiswahili. Sisemi Kiingereza ni kibaya. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, irabu ni tano na hazibadiliki, mtoto akishashika ba be bi bo bu na wenzake anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona na sikio lake likamwambia aah kumbe ni hili. Hapo ndo anajua kusoma ni kupata maana. Kiingereza kapewa kabla hajaijua lugha yenyewe kwahiyo kajifunza kutoa sauti tu, ndo huo utangazaji wa habari unaousikia. Kilichobaki kwake ni vile vikundi, mb, nd, ng, ny, nj, mbw, na hiyo ng' yenye kikoma juu. Mwandikie ng'ombe, ng'oa, ng'ara, ng'ang'ania upande huu, na ngoma, ngozi, nguo, ngazi upande huu, asome akibadilisha. Siku mbili inaisha hiyo.

MamaDula_Mbezi

Nimerudi baada ya siku tano, samahanini nilikuwa na oda ya sare za kwaya.

Mzee alirudi juzi nikamsomea yote, akasema Kijiti ana akili 😂 kwahiyo mtoto anabaki shule kwa sasa. Noti za Mangi tumefanya, za karatasi lakini, nilikata kadibodi maana elfu kumi nne za kweli kwenye nyumba hii zingeibua maswali mengine. Mara ya kwanza alikaa kimya kama dakika mbili nzima na mimi nimejikanyaga mguu nisiseme kitu. Halafu akasema "si univunjie". Alipohesabu zile elfu tisa akanyanyuka akaenda kuchukua daftari la shule akaanza kutafuta zile zilizopigwa mkasi, mwenyewe, mbili kapata, moja kakosea kwenye kutoa. Leo tena sijamuuliza, nasubiri siku kumi.

Vitabu nimeshona vinne kwa uzi wa jinzi. Kimoja kina fisi. Jana usiku nimesikia mtu anasoma chumbani, nikachungulia, anamsomea mdogo wake, anasoma polepole vibaya vibaya, akifika kwa fisi anabadilisha sauti, mdogo anacheka anamwambia rudia hapo kwa fisi. Nilitamani niingie niulize fisi alikuwa anataka nini. Nikarudi kwenye cherehani.

Chati ya nyota imekuwa patani ya kola.

Mwalimu nikuulize la mwisho, sasa hivi anataka kufanya za maelfu, 5,003 toa 1,468, ameng'ang'ania (hiyo anaisoma sasa!). Nimuache au kwanza tumalize za mamia?

Mwl_wa_Chaki

Anaitaka mwenyewe? Mpe. Ongeza noti nyingine ya kadibodi.